Nilibadilisha mahubiri ya wageni, na sasa wanarudi

Shikamoo Mwalimu,

Natumai uko salama. Naomba jina langu lisitajwe, kanisa letu ni dogo na watu wanajuana.

Mimi ni kijana wa miaka 26, Mgiriama, mzaliwa wa Malindi. Naendesha bodaboda. Kanisa letu likipata wageni wa misheni, mimi ndiye huitwa kutafsiri, kwa sababu Kiingereza changu si kibaya na Kigiriama nimekinyonya kwa mama. Mwezi wa pili tulipokea wageni 14, karibu wote kutoka Marekani, na wawili wa kanisa rafiki la Nairobi. Walikaa siku 9. Nililipwa shilingi 2,500 kwa siku, pesa ambazo kwa pikipiki natoka jasho siku tatu nne kuzipata.

Siku ya nne tulikwenda kijiji kimoja cha bara, ukishapita Kakuyuni kwenye barabara ya Sala Gate. Tulikaa chini ya mkorosho mkubwa. Walikuja akina mama wa kanisa, wazee, watoto wa shule, na Waislamu wachache wa palepale. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa mmoja wao. Alisilimu zamani alipokuwa akifanya kazi hotelini mjini. Alikaa pembeni kabisa, kwenye kigogo.

Kiongozi wa wageni ni mzee mwema sana. Nakwambia mapema usije ukamdhania vibaya. Hula chochote anachopewa, sima na mchunga alimaliza sahani, na mimi ananiita mwanawe. Ameahidi kunisaidia karo nikitaka kurudi chuoni.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa natafsiri kwa Kigiriama na Kiswahili nikichanganya. Aliposema dhambi zetu zitakuwa nyeupe kama theluji, mimi nilisema kama pamba, kwani theluji nani ameiona? Aliposema Yesu anagonga mlango, nikasema anapiga hodi. Akina mama wakacheka, wakaitikia "karibu!" Mzee akafurahi, akadhani ni yeye.

Kisha akanyoosha kidole kwenye vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa, vilivyo kando ya boma, akasema hizo ni sanamu na walioziabudu wako motoni. Mwenye boma alikuwa amekaa mbele, na kigango kimoja ni cha babu yake. Ulimi ukanigeuka. Nikasema, "Wazee wetu waliotangulia, Mulungu anawajua." Baadaye akasema neno kuhusu dini ya Kiislamu ambalo siwezi kuliandika hapa. Nililiruka, nikasema Mungu anapenda majirani wote.

Halafu akawaalika watu wafunge siku tatu pamoja na wageni, bila chakula, kukiombea kijiji. Mwalimu, unajua tulikotoka. Ukifuata barabara ileile unafika upande wa Shakahola, kule mhubiri alikowaambia watu wafunge mpaka wafe. Pale chini ya mkorosho alikuwepo mama aliyempoteza dada yake pamoja na watoto wa dada huyo. Sikuweza. Nikasema, "Wageni watatuombea siku tatu." Watu wakasema amina.

Mwisho akauliza nani anataka kumpokea Yesu leo. Nikawatazama wale akina mama. Wengine wameimba kwaya kabla mimi sijazaliwa. Mmoja ndiye aliyenifundisha Sunday school. Niliona haya kuwauliza. Nikasema, "Nani anataka kuombewa?" Mikono ikainuka mingi. Kijana mmoja wa wageni akahesabu, akapata 71. Wageni walilia kwa furaha. Mchungaji wetu alisema tumshukuru Mungu.

Jioni nilimpeleka mjomba kwake kwa pikipiki. Alinyamaza njia nzima. Aliposhuka akaniambia, "Yule mgeni alinena lake, nawe ukanena lako. Sasa, nani alihubiri leo?" Akaingia ndani.

Ningesahau, lakini mwezi uliopita nilitumiwa picha kutoka Nairobi. Niko na maikrofoni mkononi, na chini yake imeandikwa kwamba watu 71 wa kijiji kimoja walimpokea Kristo kwa siku moja. Kule Marekani kanisa lao limeona picha hiyo na limechanga. Wanataka kukiletea kijiji tangi la maji la lita 10,000 na mabati ya kanisa. Wanarudi Agosti, na mzee ameniandikia nijiandae, safari hii tutakwenda vijiji vitano.

Mwalimu, usingizi umenipotea. Je, nilitenda dhambi? Nikisema ukweli na tangi likakosekana, nitawatazamaje wale akina mama wanaotembea na mitungi? Au nisingizie ugonjwa Agosti wamtafute mwingine? Na kama ni kusema, nianze kumwambia nani?

Mkalimani, Malindi

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa mjomba wako pale anaposhuka kwenye pikipiki. Wewe unadhani uliwaficha watu wa kijiji maneno ya mgeni. Hukuwaficha. Mjomba ametumika hoteli za Malindi, Kiingereza anacho, na kama ni hoteli ninazozijua mimi basi hata Kiitaliano anacho. Wale watoto wa shule hawakukaa bure darasani. Na mwenye boma aliuona mkono wa mgeni ukielekezwa kwenye kigango cha babu yake. Mkono hauhitaji mkalimani. Watu walijua kuwa mgeni amesema kali na wewe umesema tamu, na kwa kuwa wana adabu wakanyamaza. Chini ya mkorosho ule waliokuwa gizani ni wageni tu, na wa mbele yao ni yule mzee anayekuita mwanawe.

Huyo ndiye uliyemkosea, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kujipiga kifua kwa mambo yote. Maana hukutenda jambo moja pale. Ulitenda mambo mengi yasiyofanana, na wewe umeyafunga mzigo mmoja ukajitwika.

Pamba na hodi, yatoe kabisa humo. Hiyo ilikuwa kazi yako na uliifanya vizuri. Biblia yetu inasema "nasimama mlangoni, nabisha", na mtu wa pwani akibisha hubisha hodi. Anayegonga tu bila kusema neno, usiku watu humwogopa. Mambo ya namna hii ni ya zamani kuliko wewe na mimi. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Mohedin. Kadhi wa Waislamu! Na ukiyahesabu maneno yetu mazito ya kanisani, imani, dhambi, toba, rehema, sadaka, malaika, Injili yenyewe, yote yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa pwani hii kabla ya mtu kuyachapa katika Biblia. Basi fikiri, kama ungelitafsiri lile neno uliloliruka, mjomba wako angetukanwa kwa maneno yaliyoazimwa nyumbani kwake.

Kuliruka sikulaumu. Nakulaumu kwa kuliruka kimya.

Marehemu mume wangu alikuwa mkalimani mahakamani miaka mingi. Kuna kisa alichokirudia mpaka watoto wakawa wanakimalizia. Wakili alimuuliza bibi mmoja wa Kigiriama, "Hukumwona mshtakiwa siku ile?" Bibi akajibu, "Ndiyo." Wewe unajua alichosema: ndiyo, sikumwona. Lakini ndiyo hiyo ukiibeba hivyohivyo mpaka kwenye Kiingereza, bibi amemwona mshtakiwa na mtu anakwenda jela. Mume wangu hakuigeuza kimyakimya kuwa hapana, ingawa ingekuwa sahihi. Aliinua mkono akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, ndiyo ya mama huyu si ndiyo ya wakili. Naomba swali liulizwe upya." Mahakama nzima ikasimama kumngojea karani mwenye koti lililochakaa kiwikoni. Vijana wapya aliwaambia hivi: neno likikushinda usilizike peke yako, ita watu.

Mkono huo ndio uliokosekana siku ile. Ulidhani una njia mbili tu, ama umtukane mwenye boma kwa ulimi wako mwenyewe, ama umdanganye mgeni. Ungeweza kumgeukia yule mzee na kumwambia kwa Kiingereza, polepole, mbele ya wote: "Mzee, hili sitalisema hapa. Tukimaliza nitakueleza kwa nini." Angeshtuka, ndiyo. Pengine angekasirika dakika tano. Lakini mtu anayemaliza sahani ya mchunga asiouzoea si mtu wa kukimbiwa.

Kuhusu vigango, huenda mgeni wako amewahi kupita mbele ya kigango akiwa kwao asijue ni nini. Vingi viliibwa makaburini pwani hii vikauzwa kwa watalii, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Mwambie kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha gohu aliyekufa, kama yeye anavyoweka jiwe lenye jina kwenye kaburi la babake. Sikwambii ufiche kwamba kuna mambo ya koma, yaani roho za waliokufa, yanayobishaniwa. Mimi ni Mkristo, na kumwagia koma mnazi sikubaliani nako. Nimebishana na kaka zangu matangani mpaka tukaachwa peke yetu ukumbini. Lakini nilibishana kama mtu wa nyumba ile. Mgeni wa siku moja hana kiti katika ubishi huo, na ni wewe unayeweza kumweleza hivyo bila kumvunjia heshima.

Kwenye kufunga ningekukumbatia, kisha ningekufinya sikio. Mwaka 2023 tulifukua zaidi ya miili 400 msitu wa Shakahola. Nasema "tulifukua" ingawa sikushika jembe, kwa kuwa Malindi yote ilifukua. Hata sokoni watu waliongea chinichini. Kufunga kwenyewe hakutishi mtu hapa. Mwislamu hufunga Ramadhani, Mkatoliki ana Kwaresima yake. Lakini mhubiri asiyejulikana, kwenye barabara ile, awaambie akina mama wakae siku tatu bila chakula? Ulifanya vyema kutolibeba neno hilo. Ila mzee wako ameondoka Malindi hajui ni kidonda gani alikikanyaga. Agosti atalirudia, na safari hii labda atatafsiriwa na mmoja wa wale wageni wa Nairobi, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakisikia. Akina mama watabeba watoto wao na kuondoka, na kabla jua halijazama chifu atakuwa amepigiwa simu. Uliwakinga siku moja, na vijiji vitano vinakungoja.

Sasa ile mikono. Hapo ndipo sikuachilii.

Ungeuliza nani anataka kuombewa, mimi ningeinua mkono kabla ya wote, magoti haya yamenisumbua tangu mvua za mwaka jana. Kuinua mkono ili uombewe si ahadi. Lile ulilolifuta lilikuwa swali zito, na mtu ana haki ya kulisikia jinsi lilivyo ili alikubali au alikatae. Pengine miongoni mwa wale 71 alikuwepo mmoja, kijana wa pembeni tu asiye wa kanisa lolote, ambaye angetaka kuulizwa hasa. Hakuulizwa. Umefikiria hilo? Barua yako yote imejaa wale ambao wangeona haya. Yule ambaye angejibu sikumwona humo.

Na haya yako mimi naielewa. Uliona aibu kumuuliza mwalimu wako wa Sunday school kama anamtaka Yesu. Lakini aibu hiyo ilikuwa na habari muhimu ndani yake, na mgeni ndiye aliyeihitaji: kwamba hapa watu wana kanisa. Krapf na mmisionari mwenzake Rebmann walianzia Rabai, na wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu wa hukuhuku aliyekuwa kiwete. Rebmann alikaa pwani miaka 29, kutoka 1846 mpaka 1875, hakurudi kwao hata mara moja, akaondoka macho yameshaharibika, na waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wachache mno. Wageni wako wamepata 71 kwa alasiri moja. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu aulize kuna nini. Mzee hakuuliza, kijana wake hakuuliza, Nairobi hawakuuliza. Mchungaji wako naye umemtaja kwa sentensi moja, eti alisema tumshukuru Mungu. Mchungaji anajua Kiingereza, au sivyo? Basi naye alisikia maswali yote mawili. Usijitwike peke yako mzigo wenye mikono mingi hivyo.

Unaniuliza uanze na nani. Anza kijijini. Chagua siku isiyo ya soko, nenda bila maikrofoni, umtafute mwalimu wako wa Sunday school na wenzake wawili watatu. Waulize siku ile waliinua mikono wakitaka nini. Waache waseme. Mmoja atakwambia mume wake anaumwa, mwingine mtoto hajafaulu mtihani, na usishangae mmoja akikwambia kwa hakika alimpokea Yesu siku ile, kwa maneno yako hayohayo ya kukosea. Mungu ana njia zake na mimi sina daftari lake. Kisha waeleze mgeni aliuliza nini na wewe uliuliza nini. Watacheka. Najua watacheka, na kucheka kwao kutakuuma zaidi ya kugombezwa. Waambie pia kuhusu picha na tangi, kwani majina yao ndiyo yanayochangiwa huko ng'ambo na wao hawana habari.

Ukitoka hapo mwendee mchungaji. Usimwombe ruhusa, mjulishe. Akikwambia nyamaza tangi lifike kwanza, utakuwa umeshawaambia wenye tangi.

Halafu mpigie yule mzee. Piga, usiandike. Ujumbe wa maandishi husomwa kwenye foleni ya dukani ukaeleweka nusu. Mwambie kwa Kiingereza chako kisicho kibaya: "Watu 71 waliinua mikono kuombewa. Hawakuinua kumpokea Yesu. Wengi wao ni Wakristo tangu kwa bibi zao. Swali nililibadilisha mimi, na ninakuomba radhi." Nyamaza, umwache anyamaze. Asipojibu mara moja usikimbilie kujaza ukimya kwa maelezo ya Shakahola na vigango. Hayo yatapata siku yake.

Tangi sijui kama litakuja. Likikosekana kwa sababu watu wana kiu lakini walishaokoka zamani, wenye kulijibu hilo ni waliochanga. Hata hivyo nakushauri, ukiwa kijijini, waambie wazee waandike wenyewe kwamba wanahitaji maji, kisima kiko umbali gani, familia ngapi, na mchungaji aipeleke barua hiyo kama ilivyo. Mtungi ni sababu ya kutosha ya kuomba tangi. Haukuhitaji mikono 71.

Usisingizie ugonjwa. Utakuwa uongo wa pili, na tena utawaachia wageni mkalimani asiyejua hata uliyoyaficha. Pesa zao chukua bila aibu, ukalimani ni kazi na mume wangu alilisha watoto watano kwayo. Ila Agosti weka masharti yako kabla hamjapanda gari. Mahubiri upewe usiku wa kuamkia, uyasome, uulize. Sentensi ziwe fupi. Mkubaliane kwamba ukiinua mkono, mhubiri ananyamaza na mnazungumza. Habari ya kufunga isitajwe kabisa njia ile. Na asiwepo mtu wa kuhesabu mikono. Akitaka kuhesabu kitu ahesabu viti. Wakikataa, basi hapo ndipo utakapokaa nyumbani, na utakaa ukiwa mzima wa afya.

Mzee ana haki ya kuhubiri imani yake, Ibara ya 32 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru huo, na mjomba wako ana uhuru uleule wa kukaa kwenye kigogo chake asitukanwe. Ukitaka kumfundisha mzee hilo bila kumhutubia, siku ya kwanza mpeleke kwenye kile kikanisa cha Wareno kilicho karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi uani. Padri Francis Xavier, mmisionari, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Katika barua yake alieleza kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima hapa mjini alimuuliza kama kwao watu wanahudhuria makanisa, kwa sababu hapa misikiti ilikuwa 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Naipenda sana habari hii. Yule Mwislamu wa Malindi alikuwa na uchungu uleule wa padri yeyote anayehesabu viti vitupu. Waliachana kila mtu na lake, lakini walikwisha kuulizana.

Na mkienda kijijini mara hii, mjomba wako asikae tena kule pembeni. Mtafutie kiti, kaa naye jioni ya kwanza pamoja na mzee, bila maikrofoni wala picha, na usitafsiri mpaka uombwe. Yeye Kiingereza anakijua.